Barua kwa wanangu wa kidato cha sita mnaojiandaa na mtihani wa Uchumi

Wanangu wa ECA, HGE na EGM, michepuo yenye somo la Uchumi,

Marahaba kwa wote mlionisalimu, na poleni na kukesha.

Katika miaka yangu ya kufundisha Uchumi, mtoto aliyeniumiza moyo kuliko wote ni yule aliyekariri pointi nane za mfumuko wa bei kama sala, swali likageuzwa kidogo tu, akabaki anaitazama karatasi. Alikuwa amesoma sana. Ila hakuwahi kuyaona yale maneno yakitembea sokoni.

Basi nendeni sokoni na daftari. Mtazameni mama wa nyanya. Bei ikipanda kule anakonunua, fungu lake linabaki Sh 1,000, ila nyanya zinapungua kutoka tano hadi nne. Hapo nyanya moja imetoka Sh 200 hadi Sh 250, yaani bei imepanda kwa asilimia 25. Tuseme zamani aliuza mafungu 40 kwa siku, nyanya 200. Sasa anauza mafungu 45, lakini hizo ni nyanya 180 tu: pungufu kwa asilimia 10. Gawanya 10 kwa 25, unapata 0.4. Hiyo ndiyo elastisiti ya mahitaji, yaani kipimo cha jinsi mahitaji yanavyoitikia bei ikibadilika. Ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo mapato yake yamepanda kutoka Sh 40,000 hadi 45,000 ingawa watu wamekula nyanya chache. Ukilielewa fungu hilo, swali lolote la elastisiti utalijibu, hata likija na ngano au mafuta.

Na mtofautishe vizuri, maana wengi huangukia hapa. Bei ya nyanya ikibadilika, mnunuzi anasogea kwenye mstari uleule wa mahitaji. Ramadhani ikiingia, tende zikatafutwa zaidi hata kwa bei ya jana, mstari wenyewe umehama. Chora, weka bei kwenye mhimili wa wima na kiasi kwenye ule wa mlalo, kisha ueleze mchoro wako. Mchoro usio na maelezo haumsaidii msahihishaji.

Swali la bei elekezi, yaani bei inayopangwa na serikali, muulizeni babu au bibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa na bei ya serikali, nafuu kabisa, lakini rafu za duka zilikuwa tupu. Tulipanga foleni alfajiri, na waliokuwa nayo waliiuza kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Bei ikiwekwa chini ya ile ya soko, uhaba unafuata, na ulanguzi nyuma yake. Nililijua hilo miguuni kabla sijalisoma kitabuni.

Mtihani wenu unaandikwa kwa Kiingereza, najua. Elezeni kwanza kwa Kiswahili, kwa mtu wa nyumbani ambaye hajasoma Uchumi. Akiuliza swali mkashindwa, hapo ndipo pa kurudi kitabuni. Akielewa, andikeni maelezo yaleyale kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi.

D mbili zinatimiza pointi 4 za kuombea chuo kikuu, lakini kozi zenye ushindani huwachukua wenye alama za juu zaidi. Msizilenge hizo D.

Leo jioni anzeni na chumvi. Ikipanda maradufu, jikoni kwenu itapungua kiasi gani? Andikeni namba, kisha andikeni kwa nini.

Mwalimu wenu mstaafu