Mwanangu, Geuza Ndani Nje Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tulsa, Oklahoma. Baba yako hajambo, goti lake limepoa kidogo, nami ni mzima. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tungekatizana, na jambo hili nataka ulisome polepole.

Juzi uliposema unataka kununua bastola nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Una miaka 24, unatoka zamu usiku wa manane, unaishi peke yako, na mtu yule aliyekufuata mpaka kwenye ngazi hatujamsahau. Mimi nami nilifanya kazi za usiku kwenye kituo cha mafuta miaka 6. Naijua hofu ya kusikia kengele ya mlango saa tisa usiku ukiwa peke yako kwenye kaunta. Kilichoninyamazisha ni kuwaza kwamba utanunua kwa haraka, kama nilivyonunua mimi.

Hili sijawahi kukuhadithia. Mwaka 2003 nilikwenda kwenye maonyesho madogo ya silaha, katika jumba wanamonadia ng'ombe. Nimekulia Tanga, bunduki pekee niliyowahi kuiona karibu ilikuwa ya askari wa mlangoni benki. Nikamkuta bwana mmoja na meza yake ya kukunja. Hakuwa na leseni ya biashara, alikuwa anauza vitu vyake mwenyewe, na sheria ya hapa ilimruhusu. Akanionyesha rivolva nyeusi, bastola ya gurudumu, mpini wa mbao, imepakwa mafuta inang'aa. Dola 180. Nikahesabu noti, akanifungia kwenye mfuko wa karatasi, tukaagana. Risiti hakuna, jina hakuna.

Wiki ile baba yako akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Risasi ya tatu ilipotoka nikahisi kitu kimenichoma shavuni, na mtu wa kibanda cha jirani akaruka akishika mkono wake. Fundi wa silaha aliifungua akanionyesha. Silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, lilikuwa limechakaa. Haliji kusimama sawasawa nyuma ya kasiba, lile bomba linalopitisha risasi. Kila risasi ikitoka inakwaruza ukingo, na vipande vya madini vinaruka pembeni. Lile kovu dogo chini ya jicho langu la kushoto, ulilokuwa ukiniuliza ukiwa mdogo nikakwambia ni mafuta ya kaangio, ndilo hilo. Nisamehe kwa uongo ule.

Kovu lilipona upesi. Kilichoninyima usingizi ni swali la ile bastola ilikuwa wapi kabla ya kufika kwangu, na imefanya nini. Nilimpa mtu fedha nikapokea chuma chenye historia, na historia yenyewe sikuijua. Nikaipeleka polisi, nikaiacha huko.

Basi sikiliza. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinichukua sokoni Ngamiani kuchagua mitumba. Hakuwa anatazama rangi wala vifungo. Anaigeuza nguo ndani nje, anavuta mshono wa kwapa, anainyoosha kwenye mwanga wa jua, ndipo anaulizia bei. Muuzaji akimharakisha, anairudisha kwenye rundo na kuondoka bila hasira. Nataka uende kwenye maonyesho ya silaha, haya tutakayokwenda pamoja, kwa mwendo ule ule.

Haya ya Tulsa ya mwezi wa nne si kama yale ya jumba la ng'ombe. Waandaaji wake, Wanenmacher's, wanayafanya mara mbili kwa mwaka pale kwenye ukumbi wa Expo Square, aprili na novemba, ekari 11 chini ya paa moja, meza zaidi ya 4,000. Mtu anatembea siku nzima asimalize. Kila silaha mezani imefungwa kamba ya plastiki isiweze kufyatua. Usiguse kabla hujaomba. Ukipewa, mdomo wa bastola uelekee chini au juu darini, usimpitie mtu yeyote, na kidole kikae nje kabisa ya kifyatulio. Muuzaji akikwambia haina kitu, mshukuru, kisha hakikisha mwenyewe: toa magazini, vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tazama chemba inamokaa risasi, tia na ncha ya kidole kidogo uhisi. Ukimpa mtu akakurudishia, anza upya. Hakuna anayechukizwa na hilo isipokuwa mtu ambaye hupaswi kununua kwake.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu tu. Wengi wanadhani kwenye maonyesho sheria ni nyingine, hapana. Mwenye leseni akiwa na meza pale analazimika kukujazisha fomu namba 4473 na kupeleka jina lako likaguliwe kama unaruhusiwa kumiliki silaha, sawasawa na dukani. Ukaguzi huo wa papo hapo wa FBI ulianza novemba 1998, miezi michache kabla sijafika Marekani, na ulitokana na sheria ya 1993 iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi kichwani 1981. Mtu binafsi katika jimbo hili, na huko kwenu Texas pia, hawajibiki kufanya ukaguzi huo. Ndiyo maana meza kama ile niliyoiendea mimi bado zipo. Zipite.

Majina yetu yana watu wengi wanaofanana nayo. Jibu likija kwamba usubiri, usione aibu mbele ya foleni. Mimi nilisubirishwa siku mbili mwaka 2011, kisha likaja jibu kwamba niendelee. Fomu inauliza pia kuhusu bangi. Hapa Oklahoma ya tiba imeruhusiwa kwa kura tangu 2018, lakini fomu ni ya serikali kuu, na kudanganya juu yake ni kosa la jinai. Najua hutumii, nakwambia ili uwaambie na wenzako.

Halafu wewe ni mkazi wa Texas. Bastola huwezi kuinunua Tulsa ukaondoka nayo. Muuzaji wa hapa ataituma kwa muuzaji mwenye leseni huko Dallas, nawe utajaza fomu na kukaguliwa huko kabla ya kukabidhiwa. Huyo wa Dallas atakutoza ada yake, mara nyingi dola 25 hadi 50. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Mtu yeyote wa hapa akikwambia "chukua tu, nani atajua", mwache hapo hapo na meza yake.

Na binamu yako, aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi. Alishaniuliza mimi, najua atakuuliza na wewe umnunulie. Mwenye viza ya namna hiyo kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, na kumnunulia mtu mwingine huku ukiandika kwenye fomu kwamba ni yako, tangu sheria ya 2022 kifungo chake kinafika miaka 15. Ninampenda yule kijana kama mwanangu. Jibu ni hapana, na ukiona ugumu kumwambia, mwambie shangazi ndiye aliyekataza.

Sasa twende kwenye yenyewe. Ulitaja Glock 19. Ni chaguo zuri, na utazikuta nyingi zilizotoka kwa polisi, kwa sababu idara zikibadilisha silaha huwarudishia wafanyabiashara zile za zamani. Usitishwe na michubuko ya nje. Askari huibeba kila siku miaka mingi, inasuguana na mkoba wake wa kiunoni mpaka weusi unatoka kwenye kona, lakini wengi wao huifyatua mara chache tu kwa mwaka. Nje imechoka, ndani bado changa. Ile inayong'aa imepakwa rangi upya ndiyo ya kuitilia shaka.

Muombe muuzaji aifungue. Kwa Glock lazima kifyatulio kivutwe kabla haijafunguka, na watu wamejipiga risasi mezani kwao kwa sababu hiyo, hivyo chemba itazamwe mara mbili kabla. Ikishafunguliwa, weka karatasi nyeupe nyuma ya kasiba, uchungulie kwa mbele. Mwanga utapanda kwenye karatasi, na ndani yote utaiona kama bomba safi. Kwenye Glock za vizazi vya mwanzo ile mifereji ya ndani haina kingo kali kama za bastola nyingine, ni mawimbi laini, usidhani imekwisha. Unachotafuta ni pete nyeusi, kama kivuli kilichozunguka mahali pamoja. Pete ile inaweza kuwa uvimbe: risasi ilikwama, nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Ukiiona, rudisha. Tazama vile vipande vinne vya chuma ambavyo slaidi huteleza juu yake, visiwe vimevunjika wala kupinda. Namba iliyo kwenye fremu, kwenye slaidi na kwenye kasiba iwe moja. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Namba iliyokwaruzwa usiulize kitu; kuwa nayo tu mkononi kwa kujua ni kosa. Spring ikilegea isikusumbue, ni kitu cha bei ndogo. Zile alama za kulengea zinazong'aa gizani hufifia zenyewe, kila miaka 12 hivi nuru inabaki nusu. Muuzaji akizihesabia thamani ilhali hazing'ai tena, mwambie apunguze bei.

Ila ningependa uijaribu rivolva kabla hujaamua. Najua ni ajabu mimi kusema hivyo. Hiyo ninayoitumia sasa ni Smith & Wesson Model 10, ya risasi za .38 Special. Mtindo wake ulianza 1899, jina la Model 10 likaja 1957, na zimetengenezwa mamilioni. Haina magazini ya kusahau, wala haihitaji slaidi kuvutwa. Ukifungua silinda unaona matundu yote sita kwa jicho moja. Ukichoka, baada ya saa 12 za wodini, wepesi huo una maana.

Kuikagua, fanya nilivyofundishwa na fundi yule siku ya shavu. Funga silinda taratibu kwa mkono. Anayeirusha kwa kiganja kama kwenye sinema anapinda mkono unaoibeba. Kwa idhini ya muuzaji, kamba ikiwa imetolewa na umeshahakikisha haina risasi, gusa silinda kidogo kwa kidole iwe nzito, kisha vuta nyundo nyuma polepole mno. Lazima usikie silinda imeshika "tak" kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa tundu la pili, la tatu, mpaka yote sita, maana ile ya kwangu ilikuwa mbovu kwa matundu mawili tu na ndiyo yaliyonidhuru. Nyundo ikiwa nyuma, isukume kwa gumba: isidondoke. Baina ya silinda na kasiba karatasi ya kawaida ipite, kadi ya biashara isipite. Mdomo wa nyuma wa kasiba utazame kwa tochi, hasa upande wa chini, kama una ufa mwembamba kama unywele.

Bei utapatana, hiyo umeirithi. Jua kwanza mpya inauzwaje dukani. Iliyotumika ikiwa imepungua dola 50 tu, kanunue mpya yenye dhamana. Chukua fedha taslimu, na usinunue kabla hujaizunguka nusu ya ukumbi. Tukiondoka mikono mitupu jumapili jioni sitahuzunika hata kidogo. Novemba si mbali.

Nimebakiza neno moja, na ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi katika nchi hii, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Wewe ni muuguzi, unawapokea. Sijasahau ile miezi yako mitatu ya mwaka juzi, ulipokuwa huli, hupokei simu, na mapazia yamefungwa mchana. Nilikuja nikalala sakafuni kwako wiki mbili na hatukulizungumza tena. Nalizungumza sasa. Giza lile likirudi, hata kidogo, hata ukiona ni uchovu tu, bastola inatoka nyumbani kwako siku hiyo hiyo. Nipigie saa yoyote, nitaendesha hizo saa nne nije niichukue, na sitakuuliza swali hata moja mpaka utakapotaka kusema. Nataka uniahidi kwa mdomo wako, ukiwa umekaa mbele yangu, kabla hatujatoka kwenda Expo Square. Bila ahadi hiyo sitakwenda nawe.

Njoo ijumaa. Ukichelewa kazini usikimbize gari, chakula kitakusubiri, nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kisanduku cha chuma cha kuifungia nimeshakununulia, kimefika jana. Kipo juu ya friji, kitupu, na namba yake ya kufungulia bado ni ile ya kiwandani. Utaweka yako.

Mama yako