Abiria, tuzungumze na dereva

Mhariri,

Matatu za Likoni kwenda Ukunda zikishika kasi, abiria ama hunyamaza wakivuta uradi, ama humtukana dereva. Akitukanwa ndiyo kwanza akanyage mafuta. Mwaka 2008 watafiti walibandika vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu hapa Kenya, vikihimiza abiria waseme. Madai ya bima ya ajali kwa matatu hizo yalishuka kwa nusu na zaidi. Karatasi tu!

Mimi hukaa mbele nikamwambia, “Mwanangu, taratibu, nimebeba mayai.” (Mara nyingi sina hata moja.) Akipunguza, namshukuru kwa sauti, makanga naye asikie. Wenye magari, tubandikieni vibandiko hivyo nyuma ya viti, si mlangoni ambako makanga huvifunika kwa mgongo.

Muuza mahamri,
Likoni, Mombasa