Kwa walimu wa Lamu mnaotaka kuazimana vitabu

Wanangu walimu wa Lamu, Siyu, Faza na Kizingitini, salaam aleikum.

Siyu ilinakili misahafu kwa mkono katika karne ya 19, kwa hiyo kitabu si mgeni visiwani. Ila kabla hamjatafuta rafu, tafuteni daftari. Kwetu neno "azima" humfaa anayetoa na anayepokea, na ugomvi huanzia hapo: wote wawili hukumbuka kitabu ni chake. Lipigeni mistari ya safu saba: nambari, jina la kitabu, mwenyewe, aliyechukua, siku ya kutoka, siku ya kurudi, sahihi. Nambari hiyo iandikwe pia ndani ya jalada, kwa penseli, maana wino ukilowa huvuja.

Anzeni na vitabu 60. Mkiwa 20, kila mmoja alete 3 ambavyo angevinunua tena, si vya mtaala wa 8-4-4 vinavyomjazia kabati. Kitabu kibaki mali ya aliyekileta. Kikipotea, aliyekipoteza alete kingine kama hicho. Faini ya pesa siipendi: anayedaiwa shilingi hamsini hukikwepa chumba cha vitabu, na kitabu hubaki kwake. Asipewe kingine mpaka arudishe, yatosha.

Mtu achukue 2 kwa wiki tatu, na vyote virudi wiki moja kabla shule hazijafungwa. Hili msilegeze. Uhamisho ukimkuta mwalimu likizoni, vitabu hupanda naye basi la bara pale Mokowe, na hapo hamvioni tena.

Sasa unyevu, adui mkubwa kuliko mkopaji. Kuta zetu za mawe ya matumbawe huvuta maji na chumvi, basi rafu ikae vidole vinne mbali na ukuta, juu ya matofali. Miguu ya rafu ipitiwe kwa macho kila wiki: mchwa hujenga njia yake ya udongo, na ukiiona mapema utaibomoa kabla hajafika kwenye karatasi. Vitabu visibanwe, kidole kiingie kati yake. Mfuko wa plastiki uliofungwa wakati wa kuweka hutoa jasho ndani, na kuvu huota. Majani makavu ya mwarobaini hupunguza wadudu kidogo, lakini kwa unyevu hayana kazi.

Mfuko usiopitisha maji ni wa safarini tu. Iwe miwili, mdomo ukunjwe, na mzigo ukae juu, kamwe si kwenye ngama ambako maji hujikusanya. Wakati wa upepo wa kusi chombo cha Faza humwagiwa maji hata kikiwa na abiria waungwana. Kitabu kikilowa maji ya bahari, msikianike juani. Kishikeni kikiwa kimefungwa, kisuuzeni kwa maji baridi ya kunywa, kwani chumvi ikibaki kitaendelea kuvuta unyevu kila siku. Kisha kisimamisheni wima kivulini penye upepo, kurasa zikipanuliwa kama feni, na karatasi nyeupe zipachikwe kila baada ya kurasa kumi, zibadilishwe zikilowa. Karatasi zinazong'aa zitenganisheni zikiwa bado mbichi. Zikikauka zimeshikana, mmekosa. Zaidi ya siku mbili zikiwa na maji, kuvu huingia.

Mlinzi wa funguo awe mtu anayekaa karibu na chumba, si mwenye cheo. Siku ya kufungua iwe ya mkutano wenu wa kawaida, saa moja kabla, ili wa Kizingitini asipande chombo kwa ajili ya kitabu kimoja. Mchango wa shilingi mia kila muhula kwa kila mmoja utatosha gamu, tepu na daftari la pili.