Kwa Mwanaidi, kuhusu Tariki na maktaba

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, baba watoto kikohozi kimemwachia, na mbaazi zimefika, ahsante sana. Naandika mbio mbio kabla Sele hajaondoka, kwa ajili ya lile neno ulilomwambia Zuhura: ati Tariki humpeleki tena maktaba mpaka atimize miaka mitano, kwa kuwa kipindi kizima cha hadithi hakufungua kinywa akakutia aibu.

Aibu ya nini, mwenzangu? Mtoto wa miaka mitatu na nusu akiulizwa swali mbele ya watu asiowajua, kwanza alielewe, kisha atafute neno, kisha apate ujasiri wa kulitoa. Hayo hayaji mara moja. Msimulizi akiuliza "Sungura kaenda wapi?", wewe hesabu moyoni moja mpaka tano, taratibu, midomo imefungwa. Zuhura anasema ulikuwa unamjibia! Mtoto akishajua mama atajibu, haangalii tena kitabu, anakuangalia wewe. Na ukimfinya pajani "sema basi", ndiyo kabisa. Najua kwako kunyamaza ni funga nzito kuliko ya Ramadhani, lakini nyamaza.

Ukitaka sauti yake itoke, mzoeshe nyumbani kuitikia. Wewe "Paukwa!", yeye "Pakawa!". Pale maktaba watoto wanaitikia kwa pamoja, hakuna anayesikika peke yake, na mwoga hupenya hapo hapo.

Halafu maandalizi. Chai na vitumbua viishie nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni, maana mafuta yakiingia kwenye karatasi hayatoki. Haja ndogo amalize kabla ya kukaa. Kutoka Pongwe toka mapema, daladala unazijua, mfike angalau robo saa kabla; azunguke, ashike vitabu vya rafu ya chini, amzoee mkutubi. Anayeingia hadithi imeshaanza hukuta macho yote yamemgeukia, ndiyo kilio kinapoanzia. Kaeni mbele lakini pembeni, aone picha na nyinyi mpate pa kutokea. Umri wake dakika kumi, kumi na tano za kutulia zinatosha. Akianza kujinyonganyonga, mtoe nje anywe maji, mrudi. Wala usione haya kutoka, wakutubi wamezoea. Ila usimkokote moja kwa moja kutoka chuo cha Kurani Jumamosi, ameshakaririshwa vya kutosha. Uliza kama kuna siku nyingine.

Ule mchezo wa kupigia silabi makofi, akikosea usimsahihishe mbele za watu. "Mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, na wengi hupiga mawili kwa sababu ile m haina irabu nyuma yake, sikio changa linaimeza. Anza naye jikoni na yaliyo mepesi, ki-ji-ko, su-fu-ri-a, ndipo uje kwenye m-chi.

Sasa kitabu. Azimeni kimoja tu, picha kubwa, mistari miwili mitatu kwa ukurasa, na msome hicho hicho wiki nzima. Utachoka wewe, yeye hachoki. Siku za mwanzo msomee. Kisha akuoneshe vitu kwenye picha. Akishakizoea, katisha kabla ya neno la mwisho, "Fisi akafungua...", na hapo tunarudi kule kule: kaa kimya! Atalimalizia mwenyewe, na wiki ijayo msimulizi akiuliza atakuwa ameshaonja raha ya kujibu. Ukurasa ukichanika usibandike selotepu, gundi yake hugeuka njano na kuiharibu karatasi zaidi. Mrudishie mkutubi kama kilivyo, umwambie. Na mkitoka usimhoji "umejifunza nini leo", hata mimi swali hilo lingenifanya bubu. Sema tu, "Yule fisi, mlafi kweli", uone.

Mama mkwe wako naye, akisema maktaba ni mambo ya wazungu, mkubalie kuwa hii yetu ya Tanga ilijengwa kwa jina la King George VI, mfalme wa Uingereza, kisha mwoneshe kitabu cha Kiswahili ulichoazima. Mwache akishike yeye, Tariki amsimulie. Kwa bibi yake huwa hana haya, au siyo?

Hebu niambie: siku ile alikaa mapajani kwako au chini na wenzake? Nyuma yenu kulikuwa na watoto wakubwa? Maana hao hujibu haraka, wadogo wakafyata. Kufika nyumbani hakutaja hata mnyama mmoja? Fomu ya uanachama ulichukua au uliondoka kwa hasira? Na simu yako ilikuwa mkononi? Usinidanganye, Zuhura kashasema. Jumamosi ijayo mnakuja, nikuwekee chakula cha mchana? Mwambie Sele, atanifikishia.

Wako,
Mwanahamisi