Maiki ghali haitibu chumba chenye mwangwi

Mhariri,

Kurasa za teknolojia katika magazeti yetu zimejaa simu na kamera. Sauti huachwa, na pengo hilo hujazwa na wauzaji. Mwalimu anayetaka kusoma maelezo ya video za somo lake, au kijana mwenye video za mapishi, akiuliza anunue maiki gani ya kurekodia nyumbani, huonyeshwa kifurushi kilichoandikwa "studio": maiki kubwa ya kondensa, mkono wa chuma wa kubana mezani, sponji na waya mmoja. Akifika nyumbani sauti inatoka hafifu, ina mvumo, na feni inasikika kumshinda yeye. Sisi tunaofanya kazi ya kurekodi na kusafisha sauti tunaomba nafasi tueleze sababu, kabla wengine hawajatoa hela zao.

Tuanze na ule waya. Maiki ya kondensa haifanyi kazi bila umeme, na zile za studio hutaka volti 48, zinazotoka kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) au kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, kupitia waya wa XLR, ule wa pini tatu. Waya wa kwenye kifurushi una pini tatu upande mmoja, na upande wa pili una plagi ya milimita 3.5 ya kuchomeka kwenye simu au laptopu. Tundu hilo hutoa volti chache tu. Maiki nyingine huamka kwa umeme huo lakini kwa unyonge, nyingine haziamki kabisa. Mwenye maiki anapandisha kiwango cha kupokea sauti mpaka mwisho, na mvumo wa saketi unapanda pamoja na sauti yake. Maiki hiyohiyo ukiipa volti 48 zake, mara nyingi inasikika vizuri tu. Basi swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe: inataka umeme gani, nami nitaupata wapi?

Halafu tazama ncha ya plagi. Yenye mistari mitatu ni ya simu. Yenye miwili ni ya kamera na vinasa sauti. Ukichomeka ya miwili kwenye simu, aghalabu simu haiitambui. Inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia. Kulijua hilo ni rahisi: anza kurekodi, kwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu. Mkwaruzo utakaosikika kwa nguvu ndio utakuonyesha maiki inayopokea. Fanya hivyohivyo kwa maiki ya USB, kwani laptopu nayo huweza kubaki na maiki yake ya ndani mpaka ubadilishe kwenye mipangilio.

Kwa nyumba nyingi za mjini, zenye majirani ukutani na bodaboda dirishani, sisi tunapendekeza maiki ya dainamiki. Inafanya kazi kwa koili ndogo inayotikisika ndani ya sumaku, haihitaji umeme wa volti 48, na inavumilia joto na misukosuko. Wauzaji hupenda kusema kwamba "haishiki kelele". Si kweli hasa. Haina akili ya kuchagua sauti. Wepesi wake wa kupokea ni mdogo, kwa hiyo inakulazimisha usogee karibu, na ukaribu ndio unaozishinda kelele.

Samson Q2U inamfaa anayeanza kwa sababu ina matundu yote mawili, USB na XLR: leo unaichomeka kwenye laptopu, siku ukinunua kadi ya sauti hubadilishi maiki. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, bado ni ya kuaminika, ila za bandia zimejaa sokoni. Halisi ina uzito wa gramu 298. Ikipungua sana kwenye mizani, iache, ingawa uzito kuwa sawa pekee hautoshi kuithibitisha. Ile SM7B inayoonekana kwenye podikasti nyingi ni nzuri, lakini inataka kuongezewa nguvu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hivi, na kadi nyingi za bei ya chini zikisukumwa kufika hapo huleta mvumo. Ukiinunua bila kadi ya kuimudu, umenunua mnong'ono.

Sasa umbali, na hapa ndipo video nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6, huku feni na barabara vikibaki palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 umepunguza nusu mara mbili: umepata desibeli 12 bila kununua kitu. Sentimita 10 hadi 15, sawa na upana wa kiganja na kidogo zaidi, ndio mahali pa kuanzia. Ukikaribia zaidi ya hapo, maiki zinazopokea upande mmoja hukuza besi, na sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Na jueni kwamba kondensa nyingi kubwa huzungumziwa ubavuni, upande wenye nembo, si kichwani kama maiki ya muziki. Kosa hilo peke yake hufanya maiki nzima ionekane mbovu.

Chumba nacho kina sehemu yake. Vigae sakafuni, kuta za simenti zisizo na kitu na dari ya jipsamu hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki wote kwa programu yoyote. Sponji nyembamba za sentimita 2 au 3 zinazobandikwa ukutani hunyonya sauti kali za juu tu. Sauti nzito hupita. Godoro lililosimamishwa nyuma ya msomaji, blanketi zito mbele yake na kabati la nguo lililoachwa wazi hufanya kazi kubwa zaidi kwa gharama ya sifuri. Kanga haitoshi, ni nyepesi mno. Kama maiki inapokea upande mmoja, mgongo wake uelekeze kwenye kelele, yaani dirisha au friji. Feni izimwe. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha. Hakuna maiki ya kuishinda.

Maiki ya kubana kifuani ni ya mtu anayeonekana kwenye video. Kwa msomaji asiyeonekana haina faida kubwa, maana nyingi hupokea pande zote, mwangwi ukiwemo. Ile ya iafoni za Bluetooth tunaomba isitumike kabisa: inapofanya kazi, nyingi huibana sauti ikafanana na ya simu.

Herufi p na b hutoa pumzi inayopiga maiki na kutoa mshindo. Usiiweke mbele ya mdomo moja kwa moja. Iwe pembeni kidogo, ikielekezwa kwenye kona ya mdomo. Chujio la kuzuia pumzi linatengenezeka nyumbani: soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya fremu ya kudarizia, sentimita 5 hivi kutoka kwenye maiki. Jaribu kwa sentensi kama "pikipiki ya Pendo ipo pembeni ya pampu", kisha usikilize kwa hedifoni za waya. Rekodi kwa hezi 48,000, yaani vipimo 48,000 vya sauti kila sekunde, ndicho kiwango cha video, na kwenye kipimo cha programu ya kurekodia, ambacho mwisho wake ni 0, vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Kilele kikifika 0 sauti inakatika kichwa na haiponi. Acha sekunde 10 za kimya mwanzoni, kwani programu za kuhariri sauti kama Audacity huzitumia kuutambua mvumo wa chumba. Ukisikia mngurumo mzito usiokatika, chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mara nyingi ni umeme wa ukutani unaopenya.

Jambo moja la pwani: unyevu. Kondensa ikiachwa wazi Dar es Salaam, Tanga au Unguja huanza kutoa milio ya kupasukapasuka. Iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Ombi letu kwako, Mhariri: ukurasa wa teknolojia utakapotaja bei ya maiki, utaje pia bei ya kadi ya sauti, waya na stendi inayohitaji, maana wakati mwingine vikijumlishwa huzidi bei ya maiki yenyewe.

Ni sisi mafundi sauti,
Dar es Salaam