Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: kabla michoro haijapitishwa, njoo usiku

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

YAH: MPANGO WA KUBORESHA KAMPASI YETU

Nimeiona michoro iliyobandikwa kwenye ubao wa jengo la utawala, na nimesimama mbele yake zaidi ya mara moja. Jengo jipya la ghorofa tatu, madirisha mapana, bustani yenye viti, lango lenye jina la chuo kwa herufi kubwa. Ni kazi nzuri, na msanifu aliyeichora anaijua kazi yake. Ila katika picha zote jua linawaka. Hakuna hata moja inayoonyesha usiku, na wanafunzi wangu hawakijui chuo hiki ila usiku.

Mimi ni mwalimu wa ufundi umeme, zamu ya jioni. Tunaanza saa kumi na mbili, tunatoka saa tatu usiku. Ninaowafundisha wanatoka kazini moja kwa moja. Wengine hufika na sare zao, wengine wakiwa wameshasimama kutwa nzima. Mkutano wa kutoa maoni kuhusu mpango huu uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nilihudhuria. Nilipotazama ukumbini nikamwona mwanafunzi mmoja tu wa jioni, naye alikuja kwa sababu yuko likizo ya uzazi. Alikuwa amempakata mwanawe mchanga. Alinyoosha mkono mara mbili, muda ukaisha kabla hajapewa nafasi.

Sisemi kwamba mlikusudia kuwaacha nje. Ninasema wameachwa, na chuo cha jamii kikimwacha mtu wa aina hiyo kinakuwa kimesahau kwa nini kilianzishwa. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ambacho huhesabiwa kuwa chuo cha jamii cha kwanza nchini humo, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6 tu, ndani ya shule ya sekondari. Kilianzishwa ili mtu apate elimu ya juu bila kuhama kwao. Chuo ndicho kilichomfuata mtu alipo. Kwa wanafunzi wangu, kumfuata mtu alipo maana yake ni kumfuata saa alizonazo.

Naomba nianze na mwanga, kwa sababu ndio ninaoujua. Muhula uliopita, tulipofika somo la kupima mwanga, niliwapa wanafunzi kipima mwanga wapime darasa letu wenyewe. Viwango vya Ulaya vinataka laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kwa madarasa ya jioni na ya watu wazima. Kijana aliyekaa dawati la nyuma aliweka kifaa juu ya daftari lake, akasoma 140, akadhani amekosea. Akapima tena. Hakuwa amekosea. Kwenye dawati hilohilo mtu anatakiwa atofautishe waya wa kahawia na mwekundu, tena baada ya siku nzima ya kazi. Hapo hapahitaji jengo jipya. Panahitaji taa zibadilishwe na dari ipakwe rangi nyeupe, maana dari ile imefubaa kiasi kwamba inaumeza mwanga badala ya kuurudisha.

Nje hali ni mbaya zaidi. Kati ya maktaba na lango kuna nguzo tisa za taa. Wiki hii zinawaka nne. Wanafunzi wa kike wamejipangia utaratibu wao: hakuna anayetoka peke yake, husubiriana kwenye ngazi za maktaba mpaka wafike watatu au wanne. Maktaba yenyewe hufungwa saa kumi na moja jioni, saa moja kabla hatujaanza. Kwa hiyo wanaitumia ngazi yake tu. Kuifungua mpaka saa tatu usiku ni suala la ratiba na posho ya mtu mmoja, na ningefurahi kuliona jambo hilo juu kabisa kwenye orodha yenu ya maboresho, juu ya bustani.

Na sasa ngazi za jengo letu. Tunaye mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Hawezi kuingia kwa mlango mkuu wa jengo letu, anapitia mlango wa nyuma wa karakana, penye vyuma chakavu na mitungi ya gesi ya kuchomelea. Mlango ule hufungwa kwa kufuli saa mbili usiku, mlinzi anapobadilisha zamu. Mara tatu muhula huu ameondoka darasani kabla ya kipindi kwisha, si kwa kutaka, bali ili asifungiwe ndani. Anafunga daftari lake taratibu, anaomba radhi, anatoka. Yeye ndiye anayeomba radhi!

Nilichukua futi nikapima. Ngazi tatu, kila moja sentimita 16, jumla sentimita 48. Kwa rampu, yaani mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu, kipimo kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Tunahitaji rampu ya mita 5.76, pamoja na sehemu tambarare juu na chini ya kugeuzia kiti, na vishikio pande zote mbili. Nafasi ipo: leo imekaliwa na kitalu cha maua na kibao cha kukaribisha wageni. Nimeitafuta rampu hiyo kwenye michoro nikaikosa. Iliyomo ni ya jengo jipya, na jengo jipya liko awamu ya tatu. Mwanafunzi huyu atakuwa amemaliza masomo, au amekata tamaa.

Kuhusu njia za miguu nina neno moja tu. Msichore njia mpya kabla ya kuangalia majani yaliyokanyagwa. Wanafunzi wameshaonyesha wanapopita; wekeni zege hapohapo.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni matengenezo. Katika mpango wote, kurasa zote, sikuona fungu la kuyatunza haya yatakayojengwa. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza taasisi za umma zitenge kila mwaka kati ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kuyajenga upya majengo yao, kwa ajili ya kuyatunza. Tujiulize sisi tunatenga ngapi. Nguzo tano zilizozimika hazikuzimika usiku mmoja. Ya kwanza ilizimika, ikaandikiwa fomu, fomu ikakaa; ikafuata ya pili. Jengo la ghorofa tatu litakuwa na pampu, vitasa, mifereji na taa mara kumi ya hizi. Fundi wa matengenezo tunaye mmoja, na ngazi anayopandia huja kuiazima karakana kwangu.

Mnaweza kusema kuwashirikisha watu wengi kunachelewesha kazi. Chuo Kikuu cha Oregon, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilimwita msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake wakipangie kampasi. Walikataa kukichorea ramani moja ya jinsi kitakavyokuwa siku moja. Walishauri wanaolitumia jengo ndio waamue lijengwe vipi, kazi nyingi ziwe ndogondogo, na kila mwaka kampasi ichunguzwe upya, sehemu kwa sehemu, ili ijulikane wapi panafaa na wapi panahitaji kutengenezwa. Chuo kile kiliupokea ushauri huo, na misingi yake ikaingia katika upangaji wa kampasi yao. Kwetu ingetosha kuanza na huo uchunguzi. Karatasi, kalamu, tochi na watu kumi wanaopita hapa kila jioni.

Ombi langu, Mkuu, ni kwamba michoro hii isipelekwe kwenye bodi kabla ya mambo mawili. Mkutano wa maoni urudiwe saa za jioni, ndani ya madarasa, wakati wanafunzi wapo, na yule mama apewe nafasi ya kwanza ya kusema. Na wewe mwenyewe, pamoja na msanifu, mtembee nasi usiku mmoja kutoka langoni hadi darasa la mwisho.

Jumanne ijayo nina kipindi. Saa moja na nusu usiku nitakuwa kwenye mlango wa nyuma wa karakana, pamoja na mwanafunzi niliyemtaja. Amekubali kukuonyesha anapopita. Mlango bado utakuwa wazi.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa ufundi umeme, zamu ya jioni