Barua kwa Baba: habari za James Butler wa Kilkenny

Kilkenny, Ayalandi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu nyote hapo Muheza. Kazi ya kuwahudumia wazee inaendelea, na fedha za dawa za Mama nimekwisha kutuma.

Uliniuliza kwenye simu ile ngome ya kwenye picha ni ya nani. Nilikujibu kwa mkato kuwa ni ya ukoo wa Butler, mtandao ukakatika. Leo nataka nikueleze kwa kirefu habari za mmoja wao, James, kwa kuwa yamo mambo katika maisha yake yanayotuhusu wewe na mimi, na kwenye simu ulimi wangu huwa mzito.

Ngome yenyewe iko juu ya mto Nore. Ukoo huo uliinunua mwaka 1391 ukaishi humo hadi 1935, na mwaka 1967 wakawaachia watu wa mji kwa pauni 50 tu. Jina lao lilitokana na kazi. Mkuu wao wa kwanza huku, Theobald Walter, alikuja mwaka 1185 pamoja na John, mwana wa mfalme wa Uingereza, akapewa cheo cha mnyweshaji mkuu, kwa Kiingereza butler. Wazawa wake wakarithi haki ya kuchukua sehemu ya mvinyo ulioshushwa katika bandari za Ayalandi. Walikuwa watu wa mfalme tangu mwanzo.

James alizaliwa London mwaka 1610. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alizama baharini akivuka kwenda Uingereza kujibu mashtaka ya uhaini. Babu yake, Walter, Mkatoliki asiyeyumba aliyeitwa Walter wa Rozari, alikuwa gerezani London. Kosa lake ni kukataa uamuzi wa Mfalme James I, aliyechukua sehemu kubwa ya mashamba ya ukoo akampa kipenzi wake kutoka Uskoti, Richard Preston, kwa hoja kwamba Preston amemwoa binti pekee wa mkuu wa ukoo aliyetangulia. Walter alifungwa mwaka 1617, akatoka 1625.

Basi mtoto hana baba, na babu yuko kifungoni. Mfalme akasema yatima huyu ni wangu kumlea. Wakamtoa mikononi mwa mama yake, wakampeleka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, ili akue Mprotestanti. Mimi naliita jambo hilo unyang'anyi, hata kama lilifanywa kwa sheria ya wakati ule. Mama yake alibaki Mkatoliki, na ndugu zake vivyo hivyo. Yeye peke yake akawa upande wa pili, na hakurudi tena mpaka kufa. Aliishika imani aliyolelewa nayo kwa moyo wake wote.

Kesi ya mashamba ilimalizwa na harusi. James alimpenda Elizabeth, binti wa yule yule Preston na mrithi wake pekee, na mwaka 1629 wakaoana. Ardhi iliyomfunga babu ikarudi kwenye ukoo kwa njia ya mke. Mwaka 1633 babu alipofariki, James akawa Earl wa Ormond, mmoja wa makabaila wakubwa wa Ayalandi.

Halafu vita. Mwaka 1641 Wakatoliki wa Ayalandi waliinuka, na James akapewa jeshi la mfalme kupigana nao. Upande wa pili walikuwa akina nani? Mdogo wake Richard. Shemeji yake Muskerry, mume wa dada yake. Na rais wa baraza lao kuu, lililokaa papa hapa Kilkenny, alikuwa Butler mwenzake, Mountgarret, ambaye James alimshinda vitani huko Kilrush mwaka 1642. Alipigana na watu wake miaka kadhaa, kisha akakaa nao mezani, wakavunjika, wakakaa tena. Mwezi wa Januari 1649 wakatia saini mapatano katika ngome hii. Kabla mwezi haujaisha, Mfalme Charles I alikatwa kichwa London. Mwezi wa nane Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza lililompinga mfalme, akashuka na jeshi lake, na mwaka 1650 mji huu ukaanguka. James akakimbilia Ufaransa.

Elizabeth alikuwa naye uhamishoni, lakini watoto walihitaji chakula. Mwaka 1652 akaenda London kwa maadui wa mumewe kudai mali aliyoirithi mwenyewe, akapata pauni 2,000 kwa mwaka kutoka katika ardhi yake. Namheshimu sana mama huyu. Mume alimfuata mfalme asiye na kiti, mke akaokoa nyumba.

Mwaka 1660 Charles II, mwana wa mfalme aliyekatwa kichwa, alirudi kwenye kiti. James akafanywa Duke, cheo cha juu kuliko Earl, na msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme, na siku ya kutawazwa ndiye aliyebeba taji. Akaitawala Ayalandi kwa niaba ya mfalme, kama liwali wa Sultani pwani yetu. Bustani kubwa ya Phoenix mjini Dublin ilianza wakati wake, na hospitali ya askari wazee ya Kilmainham pia. Lakini nisikufiche: Wakatoliki wengi walionyang'anywa ardhi hawakuipata tena, ilhali yeye alirudishiwa yake yote na ziada. Wapo wasiomsamehe hilo, na hawana makosa.

Ardhi hiyo nusura imuue. Thomas Blood, aliyepoteza mashamba yake, alimvizia London usiku mmoja wa Desemba 1670. James alitolewa kwenye gari lake la farasi, akafungwa nyuma ya mpanda farasi apelekwe Tyburn anyongwe wanaponyongwa wezi. Mzee wa miaka 60 akapambana mpaka akamwangusha yule mtu, akaokoka. Mwanawe mkubwa, Thomas, Earl wa Ossory, alimshuku Duke wa Buckingham, hasimu wa baba yake, kuwa ndiye aliyemtuma Blood, akamwambia mbele ya mfalme kwamba baba yangu akiuawa nitakupiga risasi hata ukiwa nyuma ya kiti cha mfalme. Ossory huyo alifariki mwaka 1680. Baba yake alisema hangembadilisha mwanawe aliyekufa na mwana yeyote aliye hai katika nchi za Kikristo. Aliwazika wanawe wote watatu waliofikia utu uzima, akamzika na Elizabeth mwaka 1684, kisha naye akafariki mwaka 1688. Amelala Westminster Abbey.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha niandike. Mwaka 1678 Uingereza ilivamiwa na uvumi wa uongo kwamba Wakatoliki wanataka kumuua mfalme, na watu wasio na hatia wakaanza kunyongwa. James alikuwa Dublin, anatawala, na wabaya wake wakasema: haaminiki huyu, nduguze wote ni Wakatoliki. Hakuwakana. Alimwandikia rafiki yake kwamba maumbile na mafundisho yamemwonyesha kuwa tofauti za dini hazivunji wajibu wa damu. Amewatendea mema jamaa zake, na ataendelea kuwatendea mema wa dini ile na wa dini yoyote, kwa kadiri awezavyo. Aliyaandika hayo wakati maneno kama hayo yangeweza kumpotezea cheo.

Baba, nimeyasoma mara nyingi, na kila mara namwona dada. Tangu alipofunga ndoa kanisani hulitaji jina lake, na Mama hulia jikoni ili usimsikie. Sikuombi ukubali alichokifanya. James hakurudi kuwa Mkatoliki, na mama yake hakuwa Mprotestanti, wala hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Naomba tu upokee simu yake. Atajifungua mwezi ujao, na mtoto huyo ni mjukuu wako. Akipenda kuja Muheza siku arobaini zikiisha, mwache aje, nauli yao nitailipa mimi.

Ukikasirika kwa haya, nikasirikie mimi, usimkasirikie Mama, hajui kuwa nimekuandikia.

Nisalimie wote nyumbani, na majirani.

Wako mtiifu,
Mwanao